Mate ya Koko

Sina subira, na sijawahi kudai kwamba ninayo. Katika duka langu la fotokopi, huku Tshopo, mtaa wa Kisangani, umeme ukikatika wateja hukaa kwenye benchi wakapiga soga. Mimi hutoka nikaenda hadi njia panda, nikarudi, nikaenda tena. Mama alizoea kusema nilizaliwa huku kuna mahali nimechelewa. Ndiyo maana shavu la mtoto wa mdogo wangu lilipoanza kuvimba na mimi nikapiga kelele, hakuna aliyeshtuka. Walisema, huyu naye ndivyo alivyo, mwacheni.

Mtoto alikuwa msichana, bado hajaanza shule. Baba yake, mdogo wangu wa pekee, hupakia na kupakua mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Bangboka. Mke wake, wifi yangu, huuza samaki wa kukaushwa sokoni na hutoka nyumbani jua halijachomoza. Kwa hiyo mtoto alilelewa na mama yangu, koko yake, kama watoto wa kwetu wanavyomwita bibi. Mama ni mtu wa mtoni, wa Yanonge, na alimlisha mjukuu wake kama alivyotulisha sisi. Alichukua donge la lituma, ile ndizi yetu ya kupondwa, na kipande cha samaki, akavitafuna mwenyewe mpaka vikalainika na miiba yote ikatoka, kisha akavitoa kwa kidole na kumtia mtoto mdomoni. Na kila asubuhi, kabla mtoto hajatoka uani, mama alijitemea mate kidogo kiganjani na kumpaka kwenye paji la uso. Hiyo ni baraka. Mimi nilipakwa hivyo hata siku ya mtihani wa serikali, mbele ya wenzangu, na nilikasirika sana.

Shavu, basi. Kwanza walisema ni jino. Wakampeleka kwa mzee mmoja anayeng'oa meno karibu na soko, naye aling'oa gego ambalo lilitoka bila shida yoyote, kwa sababu lilikuwa limekwisha kulegea. Wote wakafurahi. Baada ya siku chache la pili likaanza kucheza, na la tatu, na uvimbe ukapanda mpaka jicho la upande ule likaanza kusukumwa nje. Mama alimkanda kwa majani ya moto. Wifi alimfunga kitambaa. Mdogo wangu alisema tungoje mwisho wa wiki. Mimi kungoja siwezi, nilishasema. Nilifunga duka mchana kweupe, nikamkalisha mtoto kati yangu na mama yake juu ya pikipiki, nikamwambia dereva asiponifikisha hospitali upesi nitashuka niendeshe mwenyewe. Nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa hugombana na aliye karibu.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ndogo. Alimchoma mtoto sindano kwenye uvimbe, akatoa kidogo, akatuma kupimwa. Majibu yaliporudi alituita ofisini sisi watatu, mimi, wifi na mama. Alisema ni kansa. Alisema ni kansa ya watoto inayojulikana sana katika nchi zetu za joto na mbu, inakua haraka kuliko zote, lakini pia ni miongoni mwa zile zinazosikia dawa. Mimi nilishika neno kansa. Wifi naye hakulia. Aliuliza swali ambalo kila mtu wa Kisangani angeuliza.

"Docteur, imetoka wapi?"

Daktari angeweza kusema hajui, na mambo yangeishia hapo. Lakini alikuwa mtu mwema, alituheshimu, akaamua kutueleza.

"Iko kidudu kimoja, virusi," alisema. "Inakaa mu mate. Mutu mukubwa anatafunia mutoto chakula, ao batoto banakunywa mu kopo moja, donc inapita. Lakini musikie muzuri, ba mama. Karibu batu bote iko nayo. Miye iko nayo. Weye iko nayo. Inaingia mu damu, inalala, haifanye kitu."

Kisha akaeleza kwa nini kwa mtoto wetu haikulala. Kirusi hicho hukaa ndani ya seli nyeupe za damu, zile zinazotulinda. Mtoto akishikwa na malaria leo, tena mwezi ujao, tena baadaye, seli hizo huchokozwa kila mara zizaane, na seli nyingine zinazopaswa kukichunga kirusi huchoka. Siku moja seli moja inakosea wakati wa kugawanyika, na inaendelea kuzaa bila breki. Kirusi peke yake hakitoshi, malaria peke yake haitoshi. Kansa yenyewe haiambukizi. Hakuna mtu aliyemfanyia mtoto huyu kitu, alisema, na akalirudia jambo hilo mara mbili.

Alipoteza bure mate yake, na samahani kwa kusema hivyo. Mimi nilikuwa nikimtazama wifi, na niliona mahali alipoacha kusikia. Alifika kwenye neno anatafunia, akasimama pale pale. Shingo yake iligeuka polepole kumwelekea mama yangu, ambaye alikuwa amempakata mtoto na kumfuta udenda kwa upindo wa kitenge.

Dawa ilianza. Ni dripu inayoingia kwenye mshipa wa mkono, na dawa yenyewe ililetwa kwa ndege kutoka Kinshasa. Mtoto alitapika, akalia, akanichukia mimi niliyemshika. Halafu jambo la ajabu likatokea mbele ya macho yetu. Uvimbe ule ambao majani na vitambaa na kung'oa meno havikuugusa, ukaanza kushuka. Kila asubuhi ulikuwa umepungua. Jicho likarudi mahali pake. Kabla ya dripu ya pili shavu lilikuwa shavu, na wamama wa wodi walikuja kulishika na kuimba. Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji. Daktari alitufuata na kutukumbusha kwamba hayo ni yale tunayoyaona, kwamba seli nyingine zimejificha, na kwamba mtoto asipomaliza dripu zote ugonjwa utarudi, ukiwa umeizoea dawa. Tuliitikia wote. Furaha hiyo ndiyo iliyotaka kumuua mtoto.

Kwa sababu nywele zilianza kutoka. Na siku hizo hizo akafika noko, yaani mjomba wa mtoto, kaka mkubwa wa wifi, kutoka Bengamisa ambako ana mashamba. Watu wa kwetu wanajua uzito wa noko. Baba anazaa, lakini mtoto akiugua kwa namna isiyoeleweka, noko ndiye anayeketi katikati na kuuliza. Alikuwa mtu mpole, sitamwongezea ubaya asiokuwa nao. Alimpenda yule mtoto. Aliitisha kikao Jumapili, baada ya ibada, uani kwa mdogo wangu, na majirani wakajisogeza na viti vyao kana kwamba wamealikwa.

"Bon," alianza. "Mutoto amepona. Shavu iko wapi? Haiko. Sasa ile dawa inamumaliza nywele, kesho itamumaliza nyama. Na tena, banduku, docteur mwenyewe amesema. Hapana miye. Docteur! Amesema ugonjwa imetoka mu kinywa ya koko, imeingia mu kinywa ya mutoto."

Uwanja wote ukanong'ona. Neno ndoki halikutajwa, halikuhitaji kutajwa. Tangu zamani watu wa hapa walijua kwamba mchawi hupitisha mambo yake kwa chakula na kwa mate, na sasa mtu mwenye koti jeupe alikuwa amethibitisha. Noko alipendekeza mtoto apelekwe Bengamisa, kwenye nyumba ya maombi, afungishwe kula na kunywa kwa muda, afunguliwe kamba za koko yake.

Nililipuka. Nilisema kila kitu alichosema daktari, nilianza na kirusi nikamaliza na mbu, nikatoa simu nikawaonyesha picha. Niliwaambia kila mmoja pale ana kidudu hicho kooni mwake, kuanzia noko. Mwanamke mmoja akasogeza kiti chake mbali nami. Nilimgeukia mdogo wangu, "Sema kitu!" Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake, na nilitamani kumpiga kofi kama tulipokuwa watoto. Kadiri nilivyopaza sauti ndivyo walivyozidi kuona ninamficha mama yangu. Wifi alikuwa amekwisha kufunga nguo za mtoto katika kitenge, na gari la noko lilikuwa barabarani.

Hapo mama akasimama. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, kando, na hakuna aliyemwuliza neno tangu mwanzo.

"Njo miye," alisema, yaani ni mimi.

Majirani waliokaa karibu na mkeka waliinuka.

"Njo miye nilimutilia ile kitu. Nilimutilia na kinywa. Hapana kuuliza sababu, sababu ni ya kwangu." Alimtazama noko, si mimi. "Mulitaka kujua namna gani atafunguliwa? Bon. Itatoka na mukono. Ni sindano ya docteur njo inajua njia yake. Yote, mpaka ile ya mwisho. Mukiruka moja tu, inarudia, na miye mwenyewe sitaweza kuizuia."

"Na maombi?" noko aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Muombe, nani amewakatalia? Lakini muombee hapa. Mutoto akitoka mu Kisangani, ile kitu itamufuata, na kule sindano haiko."

"Mama!" nilipiga kelele. "Unasema nini?"

"Weye, kaa. Mara moja mu maisha yako, kaa kimya."

Nikakaa. Sikuwa nimeelewa bado. Nilielewa nilipomwona noko akikunja uso na kuitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa maelekezo ya kazi. Kwa watu wa kwetu, anayekiri ndiye anayejua fundo alivyolifunga, na akisema jinsi ya kulifungua, hakuna anayethubutu kufanya vingine. Daktari na shahada zake tulimbishia. Ndoki hakuna anayembishia. Mama alijua hilo, na alijua pia bei yake.

Bei ilikuja papo hapo. Kiti kilirushwa, sijui na nani, kikampata begani. Nilimvuta mama mpaka barabarani, nikasimamisha toleka, baiskeli ya abiria, nikampandisha nyuma na mimi nikikimbia kando nimeshika kiti. Godoro lake na sufuria zake zilikuwa zimetupwa nje kabla hatujakata kona. Kuanzia siku hiyo alilala kwangu, nyuma ya duka. Wanawake wa kwaya yake, ambao alikuwa akiimba nao tangu nikiwa msichana, hawakuja kumwona. Akienda bombani watu walihamisha ndoo zao. Wateja wangu nao walipungua, wengine waliniachia karatasi mlangoni bila kuingia.

Nilimkasirikia kuliko nilivyowakasirikia wao. Siku ile ile, nikimpaka dawa begani, nilimwambia amejiua. Alikuwa ameshachukua kisu na ndizi na kuanza kumenya, kwa sababu hajui kukaa mikono mitupu, hicho nimekirithi kwake.

"Batamupeleka kwa docteur?" aliuliza.

"Watampeleka. Noko ameshaapa."

"Basi," alisema, na akaniomba chumvi.

Na kweli walimpeleka. Noko aliacha mashamba yake, akahamia mjini, na sijawahi kuona mtu anayefuata matibabu kwa ukali namna ile. Alifika hospitali kabla ya manesi. Alisimama chini ya chupa ya dripu akiitazama mpaka tone la mwisho, na nesi akitaka kuichomoa mapema alimzuia mkono. Siku moja dawa ilichelewa kufika kutoka Kinshasa, na alikwenda mwenyewe Bangboka kumsumbua mdogo wangu awaulize watu wa mizigo. Daktari aliniambia kwenye korido kwamba angetamani familia zote ziwe kama yetu. Nilicheka vibaya, akanitazama kwa wasiwasi.

Mimi niliruhusiwa kufika wodini, sijui kwa nini, labda kwa sababu kelele zangu walizizoea. Kukaa kando ya kitanda na kutazama matone ni adhabu kwangu. Nilimsumbua daktari kwa maswali. Aliniambia kuna kansa nyingine zinazoletwa na virusi, ile ya ini, ile ya mlango wa uzazi, na kwamba hizo zina chanjo, bali hiki cha mate bado hakina. Nilimwuliza, kama kirusi kinajua kuingia ndani ya seli kimya kimya, kwa nini kisitumwe kuingia kwenye kansa yenyewe? Nilidhani atanicheka. Akasema watu wanafanya hivyo. Wanachukua kirusi, wanakipunguza ukali, wanakirekebisha kiwe kinapenda kuzaliana ndani ya seli za kansa, kizipasue, na mwili ukiona zile zilizopasuka unaamka na kuwinda nyingine. Kwa kansa fulani ya ngozi tayari inatumika katika nchi nyingine. Si kwa hii ya mtoto wetu, na si hapa.

Jioni nilimsimulia mama tukila. Alicheka mpaka akaweka sahani chini, ilikuwa mara ya kwanza tangu kikao.

"Donc banatuma mubaya akapige mubaya mwenzake," alisema. "Miye niliisha kufanya ile kazi, na hawajanipa koti nyeupe."

Alikuwa akikusanya mabaki ya lituma kwa kidole, na alikitazama kidole chenyewe.

"Ile kidudu," alisema, "ni miye nilimupa?"

Nilimjibu haraka, kama kawaida yangu, kwamba hakuna anayeweza kujua. Labda ni yeye. Labda ni mama yake mtoto, labda ni kikombe cha mtoto wa jirani. Angekipata tu, watu wote wanakipata, na bila malaria kisingemfanya kitu. Nilisema mengi, nikaongeza mengine.

"Donc inawezekana."

Nilisimama, nikaenda mpaka mlangoni, nikarudi.

"Inawezekana, mama."

"Basi sikudanganya sana," alisema, na akaendelea kula.

Nilimpenda sana dakika ile, na nilitaka kuvunja kitu.

Dripu za mwisho zilikwisha. Nywele za mtoto ziliota tena, laini, zenye rangi ya kahawia. Noko alichinja mbuzi na kualika mtaa mzima, mimi pia nilialikwa, na sikwenda. Daktari alisema mtoto lazima aendelee kuletwa kuangaliwa, kwa muda mrefu, kwa sababu ikitaka kurudi itarudi mapema. Mimi nilikuwa nimejipanga. Nilimwambia mama kwamba sasa imetosha, kesho naenda uani kwa mdogo wangu, nitawaita wote, nitawaeleza alichofanya. Nilikuwa na hotuba kichwani, nimeirudia dukani mbele ya mashine.

"Ukisema nilidanganya," mama alisema, "nani atamurudisha mutoto kwa docteur?"

"Watamrudisha. Wameona dawa inaponya."

"Baliona hata mara ya kwanza."

Nimeliweka neno hilo kifuani tangu siku hiyo, na halikai. Nikiwa natembea naongea peke yangu, nabishana na noko, namtukana mdogo wangu, nawaeleza wanawake wa kwaya. Watu wa barabarani wananipisha.

Mtoto ameanza shule mwaka huu. Njia yake haipiti kwetu, wanamzungusha makusudi. Lakini wiki iliyopita mvua ilikata barabara ile nyingine, na asubuhi nikamwona wifi akija upande wetu amemshika mkono, mtoto na sare yake nyeupe na buluu, mkoba mgongoni. Mama alikuwa amekaa mbele ya duka akichambua pondu, majani ya muhogo. Nilitaka kumwambia aingie ndani, na nilitaka pia asiingie. Wifi alipotuona alikaza mwendo. Mtoto alimtambua koko yake. Aliuachia mkono wa mama yake, akauziba mdomo wake kwa viganja viwili, vizuri, kama alivyofundishwa, akapita hivyo hivyo huku akitutazama juu ya vidole. Mwisho wa ukuta alijisahau, akashusha mikono kuruka dimbwi.

Nilihisi machozi ya hasira yakinijia. Nilishuka ngazi, nilikuwa naenda kumfuata wifi, wallahi siku hiyo ningesema yote mbele ya watu. Mama alinishika upindo wa nguo. Alikuwa ameinuka nusu, shingo ameinyoosha, anamtazama mtoto anavyokwenda.

"Mashavu yake," aliniuliza. "Weye macho yako iko mazuri. Mbili iko sawasawa?"

Nilitazama. Mtoto aligeuka mara moja kabla ya kona, akatuona, akakimbia.

"Yote mawili yako sawa, mama," nilisema.

Akaniachia nguo, akarudi kukaa.